Themostati janja: uniti zimeshuka 20%, au hali ya hewa imetucheza?

#1 KobeWaMezani
Wakuu, salaam. Naleta kesi, naomba isomwe na watu wa mabomba na watu wa hesabu.

Nyumba ya ghorofa, vyumba vitatu vya kulala, boila ya gesi ya kW 24, redieta 9. Awali ilikuwa na themostati ya kuzungusha kwa mkono ukutani koridoni pamoja na saa ya kuwasha na kuzima. Vikaondolewa, ikafungwa themostati janja palepale, na redieta 8 zikavishwa vichwa janja vya vali, vyenye mota ya kufungua na kufunga maji. Ya korido ikaachwa wazi.

Mwezi wa baridi kali kabla ya kufunga, mita ilihesabu kWh 2,000. Mwezi uleule mwaka uliofuata, 1,600. Kwa haraka haraka ni 20%. Mwenye nyumba keshatangaza ushindi na anataka kufunga kwenye nyumba ya pili yenye mfumo uleule.

Swali: hiyo 20% ni kazi ya kifaa kweli? Na hiyo nyumba ya pili anunue vyote, themostati peke yake, au aache kabisa? Nataka namba. "Kifaa kizuri sana mkuu" haitanisaidia.

#2 Bisibisi2
Kifaa kizuri sana mkuu.

#3 HesabuHazidanganyi
20% ya nini, Kobe? Mwezi mmoja na mwezi mwingine havilinganishwi kwa kusoma mita tu. Nje kulikuwa na baridi kiasi gani?

Fanya hivi. Kila siku chukua wastani wa joto la nje, utoe kwenye 15.5, yaani joto la nje ambalo chini yake nyumba huanza kuhitaji kupashwa. Wako wanaotumia 18, chagua moja usibadilishe katikati. Siku yenye wastani wa nyuzi 5 inakupa 10.5. Siku iliyozidi 15.5 ni sifuri. Jumlisha mwezi mzima, hizo ndizo nyuzi-siku. Vituo vingi vya hali ya hewa vina takwimu za kila siku, huhitaji kipimajoto chako.

Halafu tafuta gesi inayotumika miezi ya joto, redieta zikiwa zimezimwa. Hiyo ni ya maji ya kuoga na jiko, themostati haihusiki nayo. Itoe kwanza. Kinachobaki gawanya kwa nyuzi-siku, ndipo tuongee.

#4 KobeWaMezani
Nimezipata. Mwezi wa kwanza nyuzi-siku 400, wa pili 300. Maji na jiko ni kama kWh 250 kwa mwezi.

#5 HesabuHazidanganyi
Haya tuone.

Kabla: 2,000 toa 250 ni 1,750. Gawanya kwa 400, unapata 4.38 kwa kila nyuzi-siku.
Baada: 1,600 toa 250 ni 1,350. Gawanya kwa 300, unapata 4.5.

Nyumba haikuokoa 20%. Imeongeza karibu 3%. Mwaka wa pili baridi ilikuwa ndogo, basi.

#6 Bisibisi2
Kifaa kizuri sana cha kuongeza matumizi, narekebisha kauli.

Ila mkuu Hesabu, 3% kwa mwezi mmoja mmoja si kelele tu? Upepo, jua la dirishani, mgeni aliyelala wiki mbili, yote hayo hayamo kwenye nyuzi-siku.

#7 HesabuHazidanganyi
Ni kelele, nakubali. Siwezi kuapa kwamba imeongeza. Ninachoweza kusema ni kwamba ile 20% haipo. Kifaa kingeokoa hata 10% tungeona kitu karibu na 3.9, sio 4.5.

Kwa kulinganisha, mpango wa ENERGY STAR wa Marekani unataja wastani wa takriban 8% ya gharama ya kupasha na kupoza nyumba. Wastani maana yake wapo waliopata zaidi na wapo walioambulia patupu.

#8 MvukeMweupe
Mnazunguka mbuyu. Swali la kwanza kwa boila yoyote ya kisasa ni hili: maji yanayoenda kwenye redieta yamewekwa nyuzi ngapi?

Boila inayogandisha mvuke imewekewa kibadilisha-joto kikubwa makusudi, ili mvuke ulio kwenye moshi ugeuke maji na kuachia joto lake. Kwa gesi asilia hilo huanza maji ya kurudi yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi. Yakirudi na 60, moshi unatoka na mvuke wake wote, na sifa uliyosoma kwenye kibandiko cha boila inabaki kwenye kibandiko. Boila nyingi mafundi huziacha kwenye 70 au 75 ili asipigiwe simu kwamba nyumba haipati joto.

Themostati ya kuwasha na kuzima, iwe ya mkono au janja, HAIGUSI hiyo namba. Inasema "washa", boila inachemsha hadi 75 kama ilivyoambiwa. Kwa hiyo kifaa kinaingia mtandaoni, kinachora grafu, na boila chini inaendelea na ujinga wake uleule.

Kitufe chenye alama ya redieta kwenye uso wa boila kishushe mpaka 55 au 60 kwanza. Ni bure. Maji ya bomba hayaathiriki.

#9 Chokaa
MvukeMweupe, hapo mwisho umechapia. Hayaathiriki kama boila inachemsha maji ya bomba papo kwa papo, yenye vitufe viwili, cha redieta na cha bomba. Nyumba yenye tangi la maji moto linalopashwa na boila hiyohiyo kwa joto hilohilo, ukishusha hadi 55 tangi halitafika 60. Na tangi linatakiwa lifike 60, kwa sababu bakteria wa legionella wanastawi kati ya 20 na 45. Ziko boila zinazoweza kuweka joto moja kwa tangi na jingine kwa redieta, lakini lazima ziwe zimeungwa na kupangwa hivyo.

Hii iwe onyo pia kwa wenye programu za simu zinazotoa "ratiba ya kuokoa" kwa maji ya tangi. Punguza saa, usipunguze joto la kuhifadhia.

#10 MvukeMweupe
Nimekosolewa kihalali. Nilikuwa na boila ya papo kwa papo kichwani.

#11 NyuziIshirini
Mimi sikubaliani na maelezo ya boila kuwa ndiyo sababu. Joto la boila halikubadilika kabla na baada, kwa hiyo haliwezi kueleza TOFAUTI. Linaeleza kwa nini hakuna kilichookolewa, haliwezi kueleza nyongeza.

Kobe, jibu hili: vile vichwa vya vyumbani vinaweza kuiita boila vyenyewe, au vinafungua na kufunga tu?

#12 KobeWaMezani
Vinaiita. Chumba chochote kikiwa chini ya joto lililopangwa, rilei ya boila, ile swichi inayoendeshwa kwa umeme, inawashwa.

#13 NyuziIshirini
Basi jibu lako hilo hapo. Zamani korido ikifika 20 boila inazima, hata kama vyumba vya juu viko 17. Walalaji walikuwa wanavuta blanketi. Sasa kila chumba kinadai 20 yake na kinapewa. Nyumba nzima imepata joto zaidi kwa wastani, na joto linalipiwa.

Kwa macho yangu hiyo si hasara. Nyumba yenye joto sawasawa kwa nyongeza ya 3% ni biashara nzuri. Ila usimwambie mtu ameokoa.

#14 PampuKimya
Naongeza mtuhumiwa wa tatu. Boila ya kW 24 inashuka hadi kiwango gani cha chini? Nyingi za rika hilo zinashuka hadi robo tu, yaani kW 6. Sasa chumba kimoja cha kulala chenye redieta ya watt 900 kinaiita boila saa nane usiku. Boila inatoa kW 6, redieta inapokea chini ya 1. Maji yanapanda haraka mpaka kikomo, boila inakata, inasubiri dakika zake tatu, inawaka tena. Dakika moja inawaka, tatu imezima, usiku kucha. Kila kuwaka feni inapuliza kwanza hewa baridi kwenye tumbo la boila lenye moto, joto linatoka na bomba la moshi. Viwashio na vali ya gesi navyo vinachoka kabla ya wakati.

Ndiyo maana kugawa nyumba ya redieta 9 kwenye kanda 8 ni kuomba matatizo. Tiba:
- kama programu inaruhusu, weka sharti boila isiitwe na chumba kimoja, isubiri viwili au vitatu;
- vyumba vya juu vipe ratiba moja vipashwe pamoja;
- punguza nguvu ya juu ya boila kwa upande wa redieta kwenye menyu ya fundi, na ongeza muda wa kusubiri kabla ya kuwaka tena;
- redieta moja isiwe na kichwa kabisa, au pawe na vali ya kupitisha maji pembeni, ili pampu isisukume ukuta vali zote zikifunga.

Ya mwisho Kobe kaifanya, korido iko wazi. Na ni sahihi kwamba chumba chenye themostati hakivishwi kichwa. Vikikaa pamoja kimoja kinafunga maji, kingine kinaendelea kudai joto lisilokuja.

#15 MsomajiTu
Samahani wakuu, mimi nasoma tu. Je, ni kweli kwamba kuacha joto liwake mchana kutwa ni nafuu kuliko kuzima na kupasha upya? Kila fundi ana jibu lake.

#16 HesabuHazidanganyi
Kwa boila ya kawaida si kweli. Nyumba inapoteza joto kwa kadiri inavyolizidi la nje. Ikipoa, inapoteza kidogo. Kupasha upya kunarudisha kile kilichotoka kwenye kuta, hakiwezi kuzidi.

Tuseme nyumba inapoteza watt 200 kwa kila nyuzi ya tofauti. Ndani 20, nje 5: kW 3, kwa siku nzima ni kWh 72. Ukizima kwa muda wa saa 8 usiku na ndani kukawa na wastani wa 17.5, umeokoa 2.5 × 200 × 8, ambayo ni kWh 4. Hiyo ni 5.6%.

Nyumba ya kuta nene iliyozibwa vizuri haitashuka hivyo. Usiku mzima wastani ni 19.5. Umeokoa kWh 0.8, yaani 1.1%. Kwa maneno mengine, nyumba nzuri inakinyima kifaa chako kazi. Anayeokoa sana ni mwenye nyumba nyepesi inayovuja, na huyo angeanza na kuziba dari.

#17 PampuKimya
Kwa boila sawa. Kwa pampu ya joto, ile mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kulileta ndani, hesabu hiyo inageuka.

Ufanisi wa pampu unategemea joto la maji unayoidai. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi moja unayopandisha maji inakula kama 2 hadi 2.5% ya ufanisi. Ukiiacha nyumba ipoe usiku, alfajiri themostati janja inataka nyuzi 3 ndani ya saa moja, pampu inapandisha maji kutoka 35 kwenda 50, na kama kuna hita ya umeme ya akiba nayo inawaka. Hita hiyo inatoa uniti moja ya joto kwa uniti moja ya umeme, wakati pampu ilikuwa inatoa tatu au nne. Ulichookoa usiku kimekwisha kabla hujaamka.

Kwenye pampu shusha nyuzi 1 au 2, usizidishe. Joto la maji liongozwe na kihisi cha nje: kadiri nje kunavyopoa, maji yapande taratibu. Pampu nyingi huja nacho. Kuibandikia themostati ya kuwasha na kuzima juu yake ni kumfunga mkimbiaji kamba miguuni.

#18 MvukeMweupe
Na hapo ndipo ninaporudi kwenye boila, maana hadithi ni ileile kwa kiwango kidogo. Ratiba ya mbio za alfajiri inalazimisha maji ya 70. Boila ikipewa muda mrefu kwa maji ya 50 inagandisha mvuke muda wote.

Kwa hiyo kama mtu lazima anunue, anunue inayoongea na boila kwa OpenTherm, sio ya rilei tupu. Kwa OpenTherm themostati inatuma joto la maji inalotaka: 42 leo, 55 kesho baridi ikizidi. Nyaya mbili tu, na haijali upi umeingia wapi. Hakikisha boila yenyewe inaijua lugha hiyo. Wengine wana lugha zao za nyumbani, hazisikilizani na kifaa cha mtu mwingine.

#19 NyuziIshirini
MvukeMweupe, ila taja na bei yake, na simaanishi ya fedha. Redieta inayopewa maji ya wastani wa 50 badala ya 70, chumba kikiwa 20, inatoa kama nusu tu ya joto lake, 51% ukifuata kipeo cha 1.3. Kama redieta zilipimwa kwa kubana, siku ya baridi kali chumba hakitafika. Mwenye nyumba atapandisha kitufe mpaka 75 na kukisahau hapo.

#20 MvukeMweupe
Ndiyo maana nikasema 55 mpaka 60 kwa kuanzia. Kikishindwa panda nyuzi 3, subiri siku moja, tazama. Usiruke.

#21 Chokaa
Turudi kwenye vichwa, kwa kuwa ndiko pesa nyingi inakokwenda, na ndiko makosa yalipo.

Kwanza, kichwa cha kawaida cha nta, kile chenye namba 1 hadi 5, tayari ni themostati ya chumba. Namba 3 ni kama nyuzi 20. Hakina betri, hakina mtandao, kinadumu miaka. Kichwa janja kinaongeza kitu kimoja cha maana: SAA. Chumba ambacho ratiba yake haibadiliki hakikihitaji.

Pili, kihisi kiko sentimita chache kutoka bomba la moto. Kinasoma 22 wakati kitandani ni 19, kinafunga mapema. Weka kipimajoto kidogo katikati ya chumba, mita 1.2 hadi 1.5 kutoka sakafuni, mbali na jua na dirisha. Subiri redieta iwake saa mbili, linganisha, ingiza tofauti kwenye mpangilio wa kichwa. Kipime tena redieta ikiwa baridi, kwa sababu tofauti hiyo si moja. Pazia refu likiangukia juu ya kichwa, hesabu zote zimeharibika. Afadhali kinachokubali kihisi cha mbali.

Tatu, pini. Vua kichwa, sukuma pini kwa mgongo wa kijiko. Iingie milimita chache na irudi yenyewe. Isiporudi imeganda. Igonge kidogo pembeni, tone la mafuta ya kulegeza kutu, ishike taratibu na plaizi uisogeze juu na chini. USIIVUTE kwa nguvu. Ikitoka na maji yanatoka nayo. Mota ya kichwa janja ina nguvu ndogo, pini nzito inaifanya ilie kwa taabu, imalize betri, kisha iripoti kosa la vali, na watu wanarudisha kichwa dukani wakati mgonjwa ni bomba.

Nne, koo la vali, pale kichwa kinapofungwa. Nyingi ni M30 × 1.5. Za Danfoss za RA hubana kwa kuchomeka, hazina nyuzi kabisa, zinataka adapta. Pima kabla hujaagiza vichwa 8.

#22 Bisibisi2
"Hazina nyuzi kabisa." Uzi wenye nyuzi-siku, nyuzi joto na sasa nyuzi za koo la vali. Fundi cherehani atadhani ni uzi wake.

Kwa betri: zisichanganywe. Za kuchaji zina volti 1.2, vichwa vingi vinazisoma kama zimeisha siku ya kwanza. Za lithiamu za 1.5 zinafanya kinyume, zinaonyesha zimejaa miezi yote halafu zinakata ghafla usiku wa baridi. Za alkali ndizo zinazoshuka polepole na kukuonya. Vichwa 8 kwa betri mbili kila kimoja ni 16. Hesabu hiyo nayo iingie kwenye "kuokoa".

#23 MtuWaFyuzi
Kabla mtu hajafungua ukuta baada ya kusoma uzi huu:

1. Zima boila kwenye fyuzi yake, sio kwenye kitufe cha mbele. Pima kwa tesita uliyoijaribu kwanza penye umeme.
2. Piga picha ya nyaya kabla hujalegeza skrubu hata moja. Rangi za nyaya kwenye nyumba ya zamani hazina maana yoyote.
3. Jua boila yako inadai nini. Ziko zinazotaka volti 230 zirudishwe kwenye swichi yake. Ziko zinazotaka mguso mkavu usio na umeme, nyaya mbili zikutane tu. Kipokezi janja kina L na N za umeme, halafu COM na NO za mguso wa rilei. Kwa boila ya 230 unaunga kidaraja kati ya L na COM. Kwa ya mguso mkavu kidaraja hicho KISIWEPO.

Namba 3 ndiyo inayoua bodi. Mtu anaacha kidaraja kwa kuwa kilikuja nacho kiwandani, volti 230 zinaingia kwenye tundu la OpenTherm au la volti 24, harufu inatoka, na bodi mpya ya boila inameza akiba ya miaka mitano. Kama hujui kutofautisha, mlipe fundi wa umeme saa moja.

#24 WayaNneTu
Nyongeza kwa wenye mifumo ya Amerika ya Kaskazini. Huko nyaya za ukutani ni volti 24, herufi R ni umeme, W ni joto, C ni ya kurudisha. Nyumba za zamani hazina C. Themostati isiyo na C inaiba umeme kidogo kupitia waya wa W, na baadhi ya boila zinasikia wizi huo kama amri: rilei inabofya-bofya bila joto, au betri ya ndani inaisha. Vuta waya wa tano, au weka transfoma ndogo ya 24.

Na hita za umeme za ukutani chini ya dirisha, zile za 120 au 240 moja kwa moja, hazivai themostati ya volti 24 kabisa. Zina za kwake.

#25 MsomajiTu
Hita ya kuhamisha je? Nikiweka plagi janja si ndiyo njia rahisi zaidi?

#26 MtuWaFyuzi
Rahisi ya kuunguza. Hita ya watt 2,000 kwa volti 230 inavuta ampea 8.7 mfululizo kwa saa nyingi. Plagi iliyoandikwa 10 inavumilia kwa muda, mguso wa rilei unaungua, unagandana, na hita haizimi tena hata simu ikiandika "imezimwa". Halafu hita inawaka kwa mbali wakati hakuna mtu, na shuka limeangukia mbele yake. Hapana.

#27 WinguLikikatika
Hakuna aliyegusa seva. Kifaa kinaishi muda ambao kampuni inataka kiishi. Google ilitangaza mwaka 2025 kwamba Nest za kizazi cha kwanza na cha pili, zilizoanza kuuzwa 2011 na 2012, zinakatiwa huduma ya programu ya simu kuanzia Oktoba 2025. Ukutani bado zinafanya kazi kwa mkono. Yaani zimerudi kuwa themostati ya kuzungusha, bora ya kung'aa.

Kigezo changu: chomoa intaneti saa 24. Ratiba inaendelea? Kitufe cha ukutani kinafanya kazi? Kikishindwa kimoja, kirudishe ndani ya muda wa kurudisha. Chagua cha Zigbee au Z-Wave, mitandao ya redio ya vifaa vya nyumbani, kinachoongozwa na kompyuta ndogo ya ndani. Zote zinatumia masafa ya chini ya gigahezi 1, zinapenya kuta vizuri kuliko Wi-Fi.

#28 Bisibisi2
Z-Wave ndiyo ya chini ya gigahezi 1. Zigbee ya majumbani iko 2.4, jirani kabisa na Wi-Fi, na inasumbuliwa nayo. Inachoishinda Wi-Fi ni kula betri kidogo, na vifaa vilivyochomekwa kwenye umeme kupokezana ujumbe. Redieta ya chuma nayo ni ukuta, kichwa kilichojificha nyuma yake hakisikii vizuri.

#29 WinguLikikatika
Sahihi. Kidole kilitangulia akili.

#30 KobeWaMezani
Asanteni. Nimekagua na kurudi:

Boila ilikuwa 75. Bomba la kurudi nimelipima kwa kipimajoto cha kubana, 63. Mvuke haugandi kabisa. Kiwango cha chini cha boila ni kW 6.2, kama PampuKimya alivyokisia. Programu ya simu inaonyesha usiku mmoja boila imewaka mara 71. Na vyumba vya juu vyote vimepangwa 20.5 kutwa, hakuna ratiba. Yaani vichwa janja 8 vinafanya kazi ya vichwa vya nta.

#31 MvukeMweupe
Kurudi 63! Nilisema.

#32 PampuKimya
Mara 71! Nilisema.

#33 NyuziIshirini
20.5 kutwa vyumba vyote! Kwa unyenyekevu, nilisema.

#34 HesabuHazidanganyi
Wote mmesema, na hakuna hata mmoja aliyethibitisha, kwa sababu yote matatu yapo kwa pamoja. Kobe, usibadilishe vitatu kwa mpigo, tutabaki tunabishana mpaka kiangazi. Wiki ya kwanza shusha maji hadi 60 tu. Ya pili rudisha 75, weka sharti la vyumba viwili. Ya tatu ondoa sharti, weka ratiba ya usiku 17. Kisha rudia mzunguko mara moja. Soma mita kila asubuhi saa ileile, gawanya kwa nyuzi-siku.

#35 NyuziIshirini
Na siku mbili za kwanza za kila wiki zitupwe. Kuta zinabeba joto la wiki iliyopita. Kwenye nyumba ya matofali mazito hata siku mbili hazitoshi.

Halafu usikishushe chumba kisicholaliwa mpaka 12 huku mlango uko wazi. Hewa ya 20 yenye unyevu wa 60% inaanza kutoa maji ikigusa kitu cha nyuzi 12. Kona ya ukuta wa nje itaota ukungu mweusi. 16 na mlango umefungwa.

#36 PampuKimya
Wiki tatu mara mbili, baridi yenyewe itakuwa imekwisha.

#37 Chokaa
Na nyumba ya pili? Mimi ningesema: kitufe cha boila leo, vichwa vya nta kwenye vyumba vyote, themostati moja ya OpenTherm kama boila inaijua. Vichwa janja viwili tu, kwenye vyumba ambavyo saa zake kweli zinabadilika.

#38 Bisibisi2
Mwenye nyumba anataka grafu, Chokaa. Utampa grafu ya nta?

#39 KobeWaMezani
Anataka grafu, ndiyo. Leo nimeshusha hadi 60, mita imesomwa saa moja asubuhi. Redieta ya nne, chumba cha nyuma, kichwa kinalia kama nyuki kisha kinaandika kosa. Nikikivua, pini inaingia lakini hairudi.

#40 Chokaa
Imeganda. Gonga pembeni, tone la mafuta, plaizi taratibu, na taulo chini. Kabla hujaigusa funga na ile vali ya upande wa pili, uhesabu ni mizunguko mingapi umefunga, ili ukiirudisha usiharibu mgawanyo wa maji kwa redieta nyingine.